Zizi Lenye Hewa ya Kutosha

Mengo, Kampala
11 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Nasif,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima. Mama mzima, goti lake la kulia linamsumbua na hataki litajwe. Mama mdogo Zuleika amerudi kutoka Bombo na maneno gunia zima. Wanangu wanakusalimu, yule mdogo anauliza kama wewe ndiye mjomba wa kwenye picha au ni mtu mwingine. Nimemwambia ndiye huyo huyo, ila picha haizeeki.

Naandika kwa mkono na barua nitaipeleka kwenye ofisi ya mabasi ya Mombasa, maana amri ya Mama bado ipo palepale. Tangu tulipogombana kwa simu siku ya arobaini ya Baba, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa tena, alisema: "Simu basi. Andikianeni. Karatasi haipigi kelele." Wewe kwenye arobaini hukuwepo, ulikuwepo kwenye simu tu. Kwa hiyo adhabu ni yako, naitumikia mimi.

Haya, habari yenyewe. Nyumba ya Mama kule Kibuli imekwisha. Kila mwaka unaniuliza studio yetu ni nini hasa, duka au shule, na mimi kila mwaka nakujibu kuwa ni vyote viwili. Tunachora majengo ya wateja, na pia tunatafiti jinsi watu wa mji huu wanavyoishi: wanapikia wapi, wanaanika wapi, mvua ikija wanakimbilia wapi. Tunayojifunza tunayarudisha kwenye ramani. Mimi na mwenzangu Emile, yule Mkongo wa Bukavu, tumefanya hivyo miaka na miaka kwa ajili ya watu wengine. Hii ni nyumba ya kwanza tuliyoijenga kwa utafiti wetu wenyewe tangu msingi mpaka bati. Joska, mtafiti wetu, alikaa na Mama wiki nzima na dodoso lake: anaamka saa ngapi, anapenda kukalia nini, upepo anautaka utokee wapi. Mama alijibu yote.

Wafadhili wa utafiti wetu walikuja, wakakata utepe, wakala sambusa. Mama alisikiliza hotuba zote akiwa nje. Alisema viatu vyake vina vumbi.

Anauliza unakuja lini. Na mimi nauliza hivyo hivyo.

Dada yako,
Husnah


Mombasa
3 Machi 2024

Dada Husnah,

Waaleikum salaam. Huku joto tu, linatupika tangu asubuhi. Mke wangu Shamim anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, anamuuma kila mtu bila ubaguzi, nadhani amekurithi wewe. Kazini wamenipa ghorofa jipya la kukadiria, na mwenye ghorofa anabadilisha mawazo kila baada ya sala. Mwambie Mama goti alikande kwa mafuta ya karafuu. Najua hataki litajwe.

Nimetazama picha za nyumba kwenye ukurasa wa studio yenu. Maneno ya chini yake nimeyasoma mara mbili nikidhani nimepotea njia. "Makazi yanayozungumza na ua wake." Makubwa haya! Nyumba inazungumza! Na Mama inamwambia nini, dada? Inamwambia kwa nini madirisha yako usawa wa magoti? Inamwambia kwa nini jiko liko wazi kama jukwaa la taarabu, mgeni akikaa sebuleni aone mpaka sufuria iliyoungua? Mimi nakadiria majengo tangu nimalize shule. Nimeona nyumba mbaya, nimeona nyumba za wizi, ila nyumba yenye maoni sikuwahi kuiona.

Basi niache mzaha. Kwenye picha ya chumba cha Mama, godoro bado lina nailoni. Utepe mlikuwa mmeshaukata zamani, tarehe mmeiandika wenyewe. Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zangu zote, hizo chache nilizonazo: Mama analala wapi?

Juzi alinipigia simu. Yeye amri yake haimhusu. Hakusema lolote la nyumba, aliniuliza tu kama kanzu ya Baba bado ninayo. Nikamwambia ipo, lakini mende wameshaila kola. Akasema haidhuru, akakata. Uzee huo, dada, mwangalie.

Kuja, tutaona. Kazi imebana.

Nasif


Mengo, Kampala
29 Machi 2024

Nasif,

Ramadhani njema, kama huko Mombasa mnafunga na si kulala mchana kutwa. Sisi tunafunga. Mama anafunga na ukimwambia dawa zake haziruhusu anakutazama mpaka unajisikia umekula wewe. Mume wangu amehamishiwa ofisi ya Mulago, sasa anaamka mapema na kunilaumu mimi kwa foleni ya magari.

Kola ya kanzu iliyoliwa na mende unaiandika kwa raha kabisa. Ndiyo kitu pekee cha Baba ulichobeba, na umeshindwa hata kukining'iniza.

Swali lako nimelisoma. Mama analala salama.

Jiko tumelifunga kwa ukuta, usije ukadhani ni kwa sababu yako. Tulikaa studio siku nzima tukijadili. Emile alisema tatizo ni faragha. Joska alisema ni upepo, kwa sababu kwenye dodoso Mama alitaka upepo wa upande wa msikiti na sisi tukampa wa upande wa barabara. Mimi nilisema ni mwanga. Basi ukuta tumeuweka, upepo tumeugeuza, na madirisha tumeyatia mbao za kufungua na kufunga. Mama alitazama mafundi wakifanya yote, akawapikia futari, akawashukuru mmoja mmoja. Baadaye akaenda zake.

Amenunua mbuzi. Beberu mweupe, ana dharau kuliko wewe. Amemfunga kwenye nguzo ya baraza la nyumba mpya, ile nguzo ambayo Emile aliichora mara kumi na moja, na anamlisha maganda ya matoke kwa mkono wake. Mlangoni ameweka chetezo chake cha zamani. Hakina kaa wala ubani, kimewekwa tu kizingitini, na ukikisogeza anakirudisha. Emile amekipiga picha, akaandika chini yake "pambo la mlango." Joska naye ameandika: "Mkazi ana haja ya kufuga." Tumeona aibu kidogo. Wiki nzima ya maswali, na mifugo hatukuuliza.

Idi unakuja? Usiniambie kazi. Baba ulikuja ukamkuta kaburini, na hata siku ile ulisema kazi.

Husnah


Mombasa
5 Mei 2024

Dada,

Idi imepita, nisamehe. Barua yako ilikaa ofisi ya basi, na mimi nilikaa kwenye ghorofa la yule mwenye mawazo. Mtoto sasa anatambaa. Shamim anasema ukija utapikiwa biriani, lakini najua huji, kwa hiyo ameahidi kwa moyo mweupe.

Ule mstari wako wa mwisho nimeuruka.

Sasa huyo mbuzi. Husnah, nimecheka mpaka nikatoka nje ya ofisi. Mwanamke mzima ana nyumba mpya, halali ndani, na amefunga mbuzi barazani, nyinyi mnaandika "haja ya kufuga"! Mbuzi naye mmempa dodoso? Anapenda kukalia nini? Upepo anautaka utokee wapi? Ebu mwulizeni na yeye kama nyumba inamzungumzisha. Nakuambia mapema, ukimtuma yule Joska akampime mbuzi kwa tepu, mimi jina la ukoo wetu nalibadilisha.

Niliwaambia toka mwanzo, ila nani anamsikiliza mtu anayehesabu matofali? Nyumba mbaya mtu mzima haisemi. Anakaa pembeni yake. Mama ni mstaarabu, hawezi kumwambia binti yake msomi kwamba amemjengea banda la maonyesho, kwa hiyo anakaa kimya anamlisha mbuzi. Bomoeni madirisha, myapandishe. Mimi naona kwa picha tu, na bado naona kuliko studio nzima.

"Analala salama" si jibu. Nimeuliza wapi.

Nasif


Mengo, Kampala
2 Juni 2024

Nasif,

Salamu utazipata kwa Mama mdogo Zuleika akikupigia. Mimi leo sina nguvu ya salamu.

Zizi tulijenga. Haya, cheka, umalize kabisa. Tulijenga zizi la mbuzi nyuma ya nyumba, mbao na matofali yenye matundu, paa limeinuliwa ili joto litoke, sakafu ina mteremko. Emile alilichora kwa moyo wote, maana babake kule Bukavu alifuga. Tukampeleka Mama kulitazama. Alisimama mbele yake, akashika kiuno, akacheka mpaka akashika ukuta. "Banange, jamani," alisema, "mbuzi ya siku mbili tatu munajengea nyumba?" Sisi tukaandika kuwa mkazi amefurahi. Mbuzi tulimwingiza, jioni Mama akamtoa, akamrudisha kwenye nguzo.

Kicheko kile kiligeuka kikohozi. Mvua za mwezi wa tano unazijua. Wiki iliyopita alikosa pumzi, tukampeleka hospitali ya Mulago. Wamemtibu vizuri, sasa amerudi, ila daktari amesema mapafu hayataki unyevu kabisa, na kwamba mara nyingine anaweza asirudi.

Kwa hiyo nakujibu. Mama analala kwenye lile jiko la zamani, nyuma, tulilosema tutalibomoa. Bati limetoboka juu ya kichwa chake, analiziba na karai. Analala kwenye mkeka, na masufuria, hatua chache tu kutoka kwenye kitanda nilichomchagulia mwenyewe. Hajalala kwenye nyumba ile hata usiku mmoja. Nilimbembeleza, nikalia mbele yake, nikamwambia kama ni mbaya niambie niibomoe yote. Akasema: "Nyumba iko mzuri sana. Mimi iko sawa hapa." Nilitaka kumbeba kwa nguvu. Ana mwili wa kuku, ningeweza, lakini macho yake yalinizuia.

Sijui kwa nini. Ndiyo, nimeandika. Mimi ninayelipwa kujua watu wanavyokaa, sijui mama yangu kwa nini hakai. Naogopa nitampoteza kwa ajili ya nyumba niliyomjengea mimi mwenyewe.

Njoo. Siombi kwa ajili ya studio. Njoo uzungumze naye, labda wewe atakwambia.

Husnah


Mombasa
11 Juni 2024

Dada Husnah,

Pole sana na Mama. Shamim amesoma barua yako akalia. Tumemwombea.

Lakini acha niseme, maana nisiposema nitapasuka. Nilijua! Tangu godoro la nailoni nilijua. Miezi yote hii mmegeuza upepo, mmejenga ukuta, mmemjengea mbuzi jumba lenye mteremko, na mama yangu analalia mkeka chini ya bati bovu. Studio ya utafiti! Mmetafiti nini, mate ya mbuzi? Mfadhili akija tena mwonyeshe lile karai. Mwandikie chini yake "makazi yanayozungumza na mvua." Mimi ningekuwa wewe ningefunga ofisi ile ya Mengo nikauze chapati Kabalagala, huko angalau mtu akikataa chapati yako anakwambia palepale kwamba haijaiva.

Nimechora mwenyewe marekebisho, yamo kwenye bahasha. Madirisha yapande, mlango wa mbele uhamie upande, kuta zipakwe chokaa nyeupe kama nyumba za watu wenye akili. Fanyeni kama nilivyochora, mstari kwa mstari, na Mama atahamia. Naweka dhamana jina langu.

Amenipigia tena. Sauti yake haina nguvu. Ameniuliza Idi ya Kuchinja itaniangukia wapi. Nimemwambia hapa hapa, ghorofa linamwagwa zege wiki hiyo na zege halingoji mtu. Akasema, "Sawa, baba. Zege kwanza." Ameelewa, si kama wewe.

Kuhusu kuja, mwezi wa nane labda.

Nasif


Kibuli, Kampala
23 Juni 2024

Nasif,

Idi njema iliyopita. Mchoro wako nimeupokea. Umechora kwa rula, mistari imenyooka.

Siku mbili kabla ya Idi nilimkalisha Mama mdogo Zuleika, nikamweleza yote: ukuta, upepo, mbao, zizi, na marekebisho yako. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akaweka ungo chini. "Nyinyi watoto wa kambini!" alisema. "Baba yenu polisi amewalea kwenye nyumba za serikali, mnahama mnahamishwa, na nyumba ya serikali nani anaifanyia karama? Hamjawahi kuona. Karama mlifanya?"

Nikamwambia tulikata utepe.

Aliuchukua ungo tena, akaendelea kuchambua. Baadaye akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Kwao yeye na Mama, kule Bombo, na kwa wazee wote waliowatangulia, mtu halali kwenye nyumba mpya kabla ya karama. Mbuzi anachinjwa mlangoni, dua inasomwa, na chetezo chenye ubani kinapitishwa chumba kwa chumba. Anayekibeba ni mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Na kama baba amekufa, mtoto huyo anavaa kanzu ya baba yake.

Soma tena hapo kwenye kanzu. Mimi nilisoma barua yako ya Machi usiku ule ule.

Nilimwendea Mama kwenye jiko lake bovu, nikamuuliza kwa nini hakumwambia Joska. Akasema: "Yule mtoto aliuliza upepo. Mimi nilijibu upepo." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema mimi si wa kubeba chetezo. Nikamuuliza basi kwa nini hakukwambia wewe, ulikuwa kwenye simu, neno moja tu. Akapanga masufuria yaliyokuwa yameshapangwa.

"Mtu haombi mtoto wake kuja kwake," alisema. "Nilimuuliza kanzu. Akasema mende."

Nyumba haina kasoro, Nasif. Madirisha hayana kasoro, na lile jiko lililokuwa wazi lilikuwa zuri, ukuta ule nitaubomoa kesho. Studio yangu imefanya ujinga, na Emile anaukubali, na ripoti tunaiandika upya tukiwa na majina yetu juu. Tulipima kila kitu ndani ya nyumba, hatukuuliza nani hayumo. Ila wewe uliambiwa mara mbili. Uliambiwa na mama yako mwenyewe, kwa sauti yake, ukamjibu mende na zege.

Siku ya Idi alikusubiri. Zege lako alikuwa amelisikia, na bado alikusubiri. Alioga mapema, akavaa gurbaba yake, lile shuka lake la harusi, akakaa kwenye kiti nje, uso barabarani, na kila boda iliyopunguza mwendo aliinyanyulia shingo. Tulirudi kutoka msikitini, yeye yupo pale. Adhuhuri ikasaliwa, yupo pale. Wingu likaanza kukaa upande wa ziwa, na mimi nikaanza kuuogopa usiku. Akalitazama lile wingu, akanitazama mimi, akasema, "Husnah, leta kaa."

Sikuelewa. Akasema tena, leta kaa la moto, tia kwenye chetezo.

Mzee Sulaimani wa msikitini alichinja, mlangoni pale pale. Emile alishika kamba ya mbuzi mpaka mwisho, akalia, akasema ni moshi. Mama aliniwekea chetezo mikononi, akanifunga shuka la Baba mabegani kwa kuwa kanzu haikuwepo, akanisukuma mgongoni taratibu. Nikapita. Sebule, jiko, chumba cha wageni, chumba chake. Nyumba nzima nimeichora kwa mkono wangu, lakini siku ile nilikuwa naingia ndani yake mara ya kwanza. Yeye alinifuata nyuma, mkono wake mgongoni kwangu, anasoma. Tulipofika chumbani akachana nailoni ya godoro kwa meno.

Amelala. Analala ndani, kitandani, dirisha wazi usawa wa magoti, anasema anaona miguu ya watu wanaopita na anawajua wote. Kikohozi kimepungua. Alikuwekea paja la mbuzi, akalifunga vizuri, akasema usije ukafika ukakosa. Ijumaa amelitoa, amewapa majirani.

Basi swali lako nimelijibu. Langu nalifuta, usihangaike nalo tena.

Mchoro wako nimeukunja, nimezibia nao dirisha la lile jiko la zamani mpaka tutakapolibomoa. Na siku yoyote ikitokea zege limekauka na ukajikuta umepanda basi, uje tu. Jiko litakuwa halipo, na chumba cha wageni Mama amempa Mama mdogo Zuleika. Zizi liko tupu. Lina hewa ya kutosha.

Dada yako,
Husnah